Mkono Uliobaki Kwenye Bango

Habari za bango Usipepese alizipata kwa mkewe, aliyerudi kutoka sokoni kabla ya saa yake, akaweka kikapu mezani bila hata kukifungua, akasema, "Rafiki yako yuko barabarani."

"Cheche? Anafanya nini barabarani?"

"Hafanyi kitu. Ametundikwa."

Usipepese alikuwa na miaka sabini na moja, na arobaini na sita kati ya hiyo alikuwa ameishi na mwanamke huyu. Alijua kwamba mkewe akisema kwa mkato namna hiyo, hakuna haja ya kumhoji. Dawa yake ni kuvaa viatu. Akavaa. Akachukua koti lake la kaki kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka.

Jina la Usipepese hakupewa na mzazi. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, chenye pazia la buluu na kigoda cha kuzunguka. Kila aliyetaka picha ya kitambulisho au ya cheti alikaa kwenye kigoda kile, akaambiwa, "Tazama hapa, usipepese." Watoto wa mtaani wakaanza kumwita hivyo kwa utani, wakakua na utani wao, wakazaa watoto waliodhani ndilo jina lake halisi. Miaka mitatu iliyopita alifunga studio. Aliwaambia watu kwamba simu zimeua kazi, nao wakatikisa vichwa kwa huruma huku kila mmoja ameishika yake mkononi.

Cheche yeye alikuwa fundi wa kuchomelea. Urafiki wao ulianza darasa la kwanza, mwalimu alipowakalisha dawati moja ili watumie penseli moja, na tangu hapo hawakuachana, ukiondoa miaka miwili waliyonuniana kwa sababu ambayo kila mmoja huisimulia kivyake. Cheche alifiwa na mkewe, akabaki anaishi katika chumba nyuma ya karakana yake. Mwaka juzi kiharusi kilimpitia upande wa kushoto. Mguu ulirudi vizuri, mkono ukarudi nusu.

Bango lilikuwa kwenye njia panda ya soko, refu kama nyumba ya ghorofa moja. Usipepese alilitazama kutoka ng'ambo ya barabara, na kwanza hakuamini. Uso wa Cheche ulikuwa mkubwa kuliko gari. Mdomo uko wazi, macho yamefinywa, chozi limening'inia kwenye shavu, fimbo imekumbatiwa kifuani. Rangi zote zilikuwa zimeondolewa, picha ikaachwa nyeusi na nyeupe ili mikunjo ionekane kama nyufa za udongo. Chini yake, kwa herufi nene: HANA MTU. Halafu kwa herufi ndogo: Wazee wetu wanakuhitaji. Na namba ya simu ya taasisi moja ya misaada.

Siku yenyewe aliikumbuka mara moja. Miezi miwili nyuma walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, wakisubiri kupimwa presha. Kijana mmoja mwenye kamera kubwa alikuja akasalimu kwa adabu, akaomba apige picha mbili tatu. Wakamwambia apige. Usipepese hata alimsaidia. Alimwambia asogee kushoto ili jua limpige Cheche ubavuni badala ya kumpiga machoni. Na Cheche hakuwa analia. Alikuwa amebanwa na chafya, ile inayokuja ikasita njiani, ikamwacha mtu ameachama kama mlango wa stoo. Chafya ilipotoka hatimaye, ilimtisha muuguzi mpaka akaangusha faili, na wao wawili wakacheka hadi wakakemewa.

Kisha akaona kitu kingine. Pembeni kabisa mwa bango, upande wa kulia, kilibaki kipande cha mkono wa koti. Koti la kaki. Na kwenye mkono ule kulikuwa na kifungo cheusi katikati ya vifungo viwili vya kahawia, kile ambacho mkewe alikishona baada ya cha asili kupotea.

Usipepese aliutazama mkono wa koti alilovaa. Kisha akatazama juu tena.

Katika kazi yake alikuwa amekata watu wengi. Waume waliotoroka, wachumba waliobadilika, shangazi waliogombana na ukoo mzima. Wateja walimletea picha, naye akawaondoa watu hao kwa wembe na rula, asibakize hata kivuli. Huyu aliyemkata yeye hakuwa na rula wala haya. Alimkata kivivu, akaacha mkono.

*

Alimkuta Cheche amelala chali kitandani, mchana kweupe, viatu miguuni. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa.

"Umeliona," Cheche alisema bila kugeuka.

"Nimeliona."

"Binti yangu ameliona pia, na yuko safari ya siku nzima kutoka hapa. Wamemtumia kwenye simu. Kazini kwake wanamuuliza kama ni kweli kamtupa baba yake. Amelia, mimi nasikiliza tu. Anakuja Jumamosi na gari. Anasema nikusanye nguo."

"Nawe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nguo zangu ni chache."

Usipepese akavuta stuli, akaketi. Walikuwa na desturi ya kutukanana kidogo kabla ya kuzungumza la maana, lakini leo tusi halikupatikana.

"Ulikuwa unataka kupiga chafya," alisema.

"Najua."

"Basi ile picha ni ya uongo."

"Chafya ilipita, ndugu yangu. Uso ndio uliobaki." Cheche akajiinua kwa kiwiko cha mkono mzima. "Nimekwenda asubuhi, nimesimama pale chini kama mjinga, nikajitazama. Watu wananipita hawajui kama ni mimi. Mama mmoja akasema, maskini. Unajua nilifanya nini? Na mimi nikamwonea huruma yule mzee. Halafu nikawaza, labda hivyo ndivyo nilivyo, ila wewe kwa kunizoea huoni."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Usipepese. Bango lilikuwa limemkera, lakini maneno haya yalimchoma. Alimjua Cheche tangu akiwa na miguu yenye magaga. Alimwona akipandisha geti la tani nzima kwa kamba na vijana wanne, akiwaamuru kama nahodha. Alimwona akizika mke. Hakuwahi kumsikia akijionea huruma.

"Amka," alimwambia. "Tunakwenda ofisini kwao."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, ina feni na viti vya plastiki. Ofisa aliyewapokea alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, msafi, mpole. Na upole wake ndio uliowachosha.

"Shikamooni, wazee wangu. Karibuni sana."

Hawakuitikia marahaba kwa haraka. Usipepese alieleza shida yao kwa utaratibu, kama mtu anayesoma barua. Kijana alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Nawaelewa kabisa. Lakini mzee, ile picha imegusa watu sana. Simu zinapigwa mfululizo. Na jina hatukuandika."

"Mmeandika hana mtu."

"Ile ni lugha ya kampeni tu, mzee wangu. Hatumsemi yeye binafsi."

"Uso wa nani ule?"

Kijana akatabasamu. Ukutani nyuma yake ilikuwepo picha ile ile, ndogo, kwenye fremu. Usipepese akainuka, akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe kando ya picha. Kifungo cheusi juu, kifungo cheusi chini. Kijana aliangalia kimoja, akaangalia kingine.

"Mtu wake ndiye huyu," Usipepese alisema. "Mlimkata."

"Ah. Nadhani ilikuwa suala la nafasi."

"Nafasi ya kumweka mtu mwingine ilikosekana kwenye bango kubwa kama lile?"

Kijana alifungua droo, akatoa fomu. Alisema angeweza kuomba wapewe posho ya usafiri kwa usumbufu walioupata, lakini bango lenyewe limelipiwa kwa miezi mitatu na uamuzi hauko mikononi mwake. Cheche aliinuka, akaenda mlangoni. Akafungua mlango wa chuma, akaufunga, akaufungua tena.

"Mlango huu nimeutengeneza mimi," alisema. "Na geti la chini. Bawaba ya juu inalia. Itieni mafuta, itakatika."

Akashuka ngazi, fimbo ikigonga kila kidato. Usipepese alimfuata. Walifika barabarani, wakasimama kivulini mwa ukuta, na Cheche akauliza, "Ile kamera unayo bado?"

"Ninayo."

"Nipige."

"Nikupige ya nini?"

"Wana picha yangu. Na mimi nataka kuwa na yangu, kubwa kama ile, na itundikwe palepale wanione. Jumamosi mwanangu akipita njia panda akute wazee wawili wanabishana, achague wa kumwamini."

"Simu zinapiga vizuri siku hizi," Usipepese alisema.

"Sikusema simu."

*

Kesho yake, Jumatano, walifungua karakana. Vumbi lilikuwa limelala juu ya mashine kama blanketi. Usipepese alimsimamisha Cheche kando ya meza ya chuma, akainua kamera, akapiga. Akatazama kioo kidogo cha nyuma, akafuta. Akapiga tena. Alisema mwanga ni mbaya. Alimsogeza mlangoni, akapiga, akasema sasa mwanga umezidi.

"Lete nione," Cheche alisema, akainyakua kamera. Aliitazama picha kwa muda. "Hapa mimi ni moshi."

"Nimekwambia, mwanga."

Cheche alirudisha kamera, akasimama karibu, kisha taratibu akainua mkono wake wa kulia, akausogeza karibu na sikio la kulia la rafiki yake na kuchezesha vidole. Usipepese hakugeuka. Vidole vikasogea mpaka karibu na kope. Hakugeuka.

"Tangu lini?" Cheche aliuliza.

Usipepese alihisi joto la kiganja shavuni kabla ya kukiona. Akashusha kamera.

"Miaka mitatu na ushee. Mtoto wa jicho. Na ndilo jicho la kazi."

"Na mimi ukaniambia simu."

"Na wewe uliniambia umeacha kuchomelea kwa sababu wanao wamekukataza."

"Wamenikataza kweli."

"Tangu lini wewe unakatazika?"

Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni. Cheche aliutazama mkono wake wa kushoto, akaufungua na kuufunga. Kidole cha mwisho kilichelewa kufika.

"Unateleza," alisema. "Siku ile ya mwisho nilishika bomba, likanitoka likiwa jekundu, likaangukia kiatu. Sikumwambia mtu. Nikafunga mlango, nikasema watoto wamenikataza. Nikaona ni afadhali nionekane mtiifu kuliko nionekane nimekwisha."

"Afadhali simu," Usipepese alisema.

"Afadhali simu," Cheche alikubali, na wote wawili wakaanza kucheka, kicheko kibaya chenye kikohozi, wameshikilia meza.

Walipomaliza, Cheche alifuta macho. "Mke wako anajua?"

"Anajua. Ndiye anayenimiminia chai."

"Hospitali?"

"Naogopa."

"Haya. Tutaogopa baadaye. Sasa hivi shida yako ni nini hasa? Jicho au mkono?"

"Vyote. Jicho la kushoto linaona, lakini sijalizoea. Nikilitumia nageuza kichwa, na nikigeuza kichwa mikono inacheza."

Cheche alianza kuzunguka karakana, akigeuza vipande vya chuma kwa ncha ya fimbo. Usipepese alimjua akiwa namna hiyo. Alikuwa anapima kitu ambacho hakijakuwepo.

"Kamera isikae mikononi mwako," alisema hatimaye. "Ikae kwenye chuma. Wewe uje na jicho tu."

Kazi ile iliwachukua siku mbili. Cheche alitaka kutengeneza stendi ya miguu mitatu, nzito, yenye shingo ya kupanda na kushuka, na kitako cha kubana kamera upande ambao jicho la kushoto lingeifikia bila mtu kujipinda. Kwenye mkono wa kushoto alijifunga mkanda wa suruali, akauunganisha na ndoano ya chuma, ndoano ndiyo ikashika bomba badala ya vidole. Alivaa kinyago, akakiinua, akakivaa tena. Usipepese akageuka kutazama ukuta ili asionekane ameona.

Kisha mwanga wa buluu ukalipuka ndani ya karakana, cheche zikaruka, na ile harufu ya chuma kinachoungua ikajaa puani.

Kiungo cha kwanza kilitoka kibaya. Cheche aliinua kinyago, akakitazama. "Kuku akiparua angefanya vizuri kuliko hivi," alisema. Akakikata, akakisaga, akarudia. Cha pili kilikuwa kibaya kidogo. Cha tatu alikipitisha kidole kilipopoa, akaendelea na cha nne bila kukikata, na Usipepese akajua kimefaa.

Alhamisi mchana stendi ilisimama. Ilikuwa na sura ya mnyama asiyejulikana, lakini ukiisukuma haisogei. Usipepese alifunga kamera, akaweka jicho la kushoto. Alichukua muda mrefu. Mwanzoni alikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake: kila alipotaka kwenda kulia alikwenda kushoto. Cheche hakumharakisha. Alikuwa mezani anachomelea kigingi cha akiba cha stendi, kinyago kimeshuka, cheche zinamwagika hadi miguuni, na jasho limechora njia kwenye masizi ya shingo. Usipepese alisubiri. Cheche alipoinua kinyago kukagua kazi, akatoa tabasamu la upande mmoja, ule uliobaki na nguvu, la mtu aliyemshinda mtu kwenye bao.

Akapiga. Akatazama kioo. Kila unywele wa nyusi ulikuwa mahali pake.

"Hii," alisema.

Cheche alikuja kuangalia. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko alivyojitazama kwenye bango. "Mikunjo umeiacha," alisema.

"Nimeiacha yote."

"Vizuri." Kisha akaweka kinyago mezani. "Sasa ingia."

"Wapi?"

"Kwenye picha. Wao wameandika sina mtu. Nikisimama peke yangu nitakuwa nimewajibu nini?"

"Mpiga picha haingii kwenye picha."

"Ndiyo maana walikukata kirahisi."

Usipepese alisimama nyuma ya kamera yake. Miaka arobaini na minne, harusi za watu, watoto wa watu, na kwenye albamu za mji mzima hakuwemo hata mara moja. Hakuwahi kuliona hilo kuwa kasoro. Aliiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akaenda akasimama kando ya meza. Cheche alimtia ile ndoano begani kama anayemkamata mwizi. Kamera ilihesabu kwa taa nyekundu, ikapiga.

Walipoitazama, Cheche alikuwa anamwangalia rafiki yake kwa dharau ya mapenzi, na Usipepese alikuwa amefumba macho.

"Umepepesa," Cheche alisema.

"Turudie."

"Thubutu."

*

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alikuwa na ukuta mtupu uliotazamana na bango. Mageti yake yote matatu ni kazi ya Cheche. Alipoombwa ukuta aliuliza kitu kimoja tu: picha itazuia dirisha la stoo? Alipoambiwa hapana, akatoa ngazi. Aliyechapa turubai alikuwa mtu wa makamo, mwenye mashine za kuchapia karibu na stendi ya mabasi, ambaye zamani alijifunza kusafisha picha katika chumba cha giza cha Usipepese. Aliifanya kazi hiyo usiku kucha, akaileta Ijumaa, imekunjwa kama mkeka.

Maneno aliyatunga Cheche. Mke wa Usipepese aliyasoma kwanza, akafuta sentensi moja iliyomtaja mama wa ofisa. "Shemeji, sentensi ile ndiyo ilikuwa na nguvu," Cheche alilalamika. "Ndiyo maana nimeifuta," alijibiwa.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi njia panda ilikuwa na wazee wawili wanaotazamana. Upande mmoja yule wa HANA MTU. Upande wa pili Cheche yule yule, kwa rangi zake zote, masizi shingoni, ndoano imekaa begani kwa mzee mwingine aliyefumba macho, na chini yao: MIMI NDIYE YULE. HUYU NDIYE MTU WANGU, WALIMKATA. MAGETI, MADIRISHA NA NGAZI VINACHOMELEWA NYUMA YA SOKO. MZEE NI WEWE.

Watu walisimama. Wengine walivuka barabara kutazama kwa karibu, wakarudi ng'ambo kulinganisha, na kila aliyeukuta ule mkono wenye kifungo cheusi kwenye bango la kwanza alimwonyesha mwenzake. Mpaka saa nne dereva mmoja alikuwa amesimamisha lori lake katikati ya barabara ili acheke vizuri.

Binti wa Cheche alifika saa nane. Aliingia karakana na uso wa mtu aliyepita njia panda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na alikuwa na mabega ya baba yake.

"Baba, wiki hii umenidhalilisha mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza haikuwa kosa lako."

"Keti kwanza, mama."

"Sikai. Umejifunga mkono kwa mkanda, unachezea moto. Nimeona pale, kubwa kama nyumba. Umesahau daktari alisemaje?"

"Alisema nisikae bure."

"Hakusema hivyo. Nilikuwepo. Ukianguka humu ndani, nani atakukuta?"

"Mimi," Usipepese alisema.

Yule binti alimgeukia. Alimheshimu, alimwita Ba'mkubwa tangu anajifunza kusema, lakini hakumwonea haya. "Ba'mkubwa, tangu nimeingia umeielekea ile nguzo. Wewe huoni."

Ilikuwa kweli. Cheche aliondoa kofia, akajikuna.

"Yeye haoni kulia," alisema. "Mimi sishiki kushoto. Ukituweka pamoja unapata mtu mmoja na nusu. Kwako, mchana kutwa uko kazini, nitakuwa na nani? Na televisheni."

"Utakuwa salama."

"Nitakuwa salama kama kabati. Mwanangu, sikiliza. Ile picha yao iliniua siku moja nzima. Nililala na viatu nikisubiri uje unibebe. Nimeamka. Usinilaze tena."

Binti alisimama palepale, mikono kiunoni, akitazama ile stendi ya ajabu, viungo vyake vya kwanza na vile vya mwisho; mtu aliyekulia kwenye karakana hahitaji kuelezwa tofauti. Akakaa kwenye stuli, akalia kidogo, kwa hasira. Kisha akaomba chai.

Alikaa mpaka Jumatatu. Walikubaliana kwa ugomvi: simu kila asubuhi saa moja, dawa zimezwe mke wa Usipepese akishuhudia, kuchomelea mwisho saa tisa, na Usipepese aende akapime jicho mwezi huohuo. Alipokuwa anawasha gari Cheche alimshukuru kwa kukubali. "Sijakubali," alisema. "Nimeshindwa tu." Akaondoka na picha moja ya wazee wawili kwenye kiti cha abiria, na huko kazini kwake akaibandika juu ya meza yake ili atakayetaka kuuliza aulize.

Ile taasisi haikuomba radhi. Ofisa mpole alipiga simu akasema wamependezwa sana na picha mpya, wangeomba kuitumia. Cheche alimwambia waitumie nzima, na maneno yake yote, pamoja na namba ya karakana. Hawakupiga tena. Lakini watu wengine walianza kuja mlangoni kwa Usipepese: mwalimu mstaafu aliyetaka apigwe akiwa amesimama ubaoni, fundi saa mwenye miaka themanini, mama mmoja aliyekuja na cherehani yake kichwani na kusema asipigwe bila hiyo. Wote walitaka kitu kimoja, wasikatwe. Akafungua studio siku mbili kwa wiki, ile stendi katikati ya chumba. Jicho alikwenda kulipima. Daktari alisema amechelewa sana na hana ahadi ya kumpa, ila atalipasua. Usipepese alimwambia apasue. La kushoto limeshajua kazi.

Bango la HANA MTU lilishushwa kabla miezi mitatu haijatimia. Siku hiyo wao hawakuwepo kushuhudia. Walikuwa kwenye shule moja pembezoni mwa mji, wakipima nafasi ya geti jipya, Cheche ameshika utepe kwa ndoano, Usipepese anasoma namba kwa jicho la kushoto, na wamebishana robo saa kama ni mita mbili na arobaini au mita mbili na sabini. Mwalimu mkuu, kwa huruma, alituma viti viwili viletwe na kuwekwa kivulini.

"Viti vya nini?" Cheche aliuliza.

Mwalimu akasema, vya wazee wapumzike.

Cheche alivitazama, akashukuru, akaweka sanduku la vifaa juu ya kimoja. Cha pili Usipepese alikipanda, ili asome vizuri namba ya juu.